Ndama wa Jebet

Mvua ya Aprili ilikuwa imegeuza boma matope matupu, na Jebet amepiga magoti humo nyuma ya ng'ombe anayezaa, anavuta ndama kwa miguu ya mbele. Baba alikuwa ameahidi mbele ya mama: akizaliwa jike, ni wa Jebet.

Ndama akateleza nje, hapumui. Jebet akang'oa nyasi ili amtekenye puani, apige chafya, apumue.

Kabla hajamgusa, baba akainua mkia wa ndama. "Ni jike. Huyu tutampea brother yako."

"Lakini baba, si ulisema..."

"Wewe utaolewa tu. Unataka nifugie wakwe zako?" Akatoa simu, akatembea hadi kwa geti kutafuta network, ampigie kijana wake.

Jebet akaangalia ile nyasi, kisha ndama, ambaye bado hapumui. Akaitupa, akaanza kupanguza mikono, kidole kimoja kimoja.