Kioo Kimesema Hakuna Sindano

Siku ya kioo kutoa majibu, Bi Mize aliamka mapema kuliko muadhini. Kila mzee wa mtaa alikuwa na kioo chake ukutani, kinachopiga picha nyuma ya mboni na kusema mapema jicho linaweza kusaidiwa kwa kuchomwa sindano ngapi mwaka huo, usije ukungu ukafunika katikati ya anachokitazama. Mwaka jana alitajiwa nyingi, akachomwa zote bila kulalamika. Bila macho, kofia zake za mkono angezishona nani?

Bintiye Rukia alimshika mabega. "Usipepese, mama."

Kioo kikawaka samawati, kikazima. "Jicho la kulia, sindano mbili," kikasema kwa upole. "Jicho la kushoto, hakuna sindano."

Bi Mize akapiga kigelegele kilichovuka uani. Chai ikainjikwa, majirani wakaingia na vitumbua, Rukia akawapigia simu mashangazi wote.

"La kushoto limepona hilo," Bi Mize alijigamba, huku akicheka. "Ngojeni niwaonyeshe."

Akachukua kofia, akatoa sindano yake ya kushonea, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Rukia, mwanangu, sindano nimeiangusha wapi?"

"Si hiyo umeishika, mama."

Akavikazia vidole vyake jicho la kushoto. Pembeni aliwaona majirani, aliona vitumbua, aliona hata mlango. Katikati, ukungu tu; hakuna sindano.