Pindo la Kanga ya Mwanatumu

Kila mshono aliotia katika pindo la kanga ya kumkinga bintiye ulimpunguzia Siwema nuru ya macho, kama mganga alivyomwonya, wala hakumwambia mtu. Zimwi lilikuwa limekwisha kuingia mjini kumfuata binti huyo, Mwanatumu, na majirani walikuwa wamejifungia milango mchana kweupe.

"Mama, pumzika kidogo. Machozi yanakutoka."

"Simama tayari, mwanangu. Pindo limebaki shubiri moja tu."

Alipofunga fundo la mwisho, hata sindano hakuiona tena. Akakata uzi kwa meno, akamfunga bintiye ile kanga kifuani kwa kupapasa, na papo hapo akasikia mlango ukivunjika.

Zimwi lilinyoosha mkono limnyakue Mwanatumu. Kucha zake zilipogusa pindo tu, likapiga ukelele kama lililotiwa kaa la moto, likatoka mbio.

Mwanatumu alikimbilia dirishani. "Limekwenda, mama! Lile linapita sokoni, mkono unafuka moshi! Unaliona?"

"Naliona, mwanangu," Siwema akajibu, uso kauelekeza ukutani, akitabasamu. "Hebu njoo karibu." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akangoja.