Fumbo Lisilo na Kundi

Moha alikuwa amebadilisha fumbo lake. Ghizlane aliona alama nyekundu kwenye skrini, akaitua glasi ya chai mezani kwa kishindo.

"Njia kati ya nukta ya nne na ya sita imeondolewa," aliandika Moha. Basi. Hakuomba radhi wala kutoa salamu.

Ghizlane alikuwa mlinzi wa makundi katika uwanja wa mafumbo mtandaoni, mahali ambapo watu wenye akili nyingi na adabu kidogo hushindana kuandika programu za kufumbua mafumbo. Kila fumbo jipya lazima liwekwe kwenye kundi lake: Namba, Maneno, Njia, Ratiba au Michezo. Fumbo lisilo na kundi halijibiwi. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe miaka mitano iliyopita, chumbani kwake hapa Meknes, na tangu siku hiyo anatukanwa na watu asiowajua.

Fumbo la Moha liliingia Jumanne asubuhi. Mwanachama mpya, hana picha, hana historia. Lilianza na hadithi, maana kila mtunga fumbo hujiona msimulizi. Wiki hiyo peke yake Ghizlane alikuwa ameshafuta mfalme mwenye ngamia mia, wezi waliokwama mwezini na mpishi aliyelaaniwa. Huyu naye alileta theluji na gari moja. Ghizlane alisoma mstari mmoja, akaikata hadithi yote na kubakiza mifupa:

"Nukta tisa. Gari moja. Mizigo mitatu kwa kila safari. Nukta ya pili inaweza kusubiri siku mbili, ya sita siku tatu, zilizobaki wiki nzima. Zipitwe kwa mpangilio gani?"

Lilikuwa fumbo zuri, akubali asikubali. Alilifumbua kabla chai haijapoa, akaandika mpangilio kwenye daftari lake: kwanza ya pili, kisha ya sita, kisha ya tisa, mpaka mwisho. Halafu akafunga daftari. Mlinzi hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sheria yake.

Tatizo likawa kundi.

"Hili ni Njia, liko wazi kabisa," alisema Anouar, mlinzi mwenzake wa Tetouan, kwenye simu.

"Njia gani wakati kila nukta ina muda wake? Hiyo ni Ratiba."

"Dada, gari linatembea barabarani, halitembei kwenye kalenda."

"Usinipandishe presha, Anouar. Tukiliweka Njia, kesho wataleta hamsini kama hili na tutakosa pa kuyaweka."

Walinzi wakipingana, kura ya tatu inahitajika. Mlinzi wa tatu alikuwa harusini Oujda, na harusi za Oujda haziishi kwa siku moja. Wakasubiri.

Jumanne jioni Moha aliandika: "Dada, kundi lolote litafaa. Naomba jibu tu."

"Kundi lolote halitafaa," alijibu Ghizlane. "Subiri kama wengine."

"Basi rudisha maneno yangu ya juu, watu wayasome."

"Hapa hatusomi hadithi, ndugu yangu."

Anouar alicheka alipoonyeshwa. "Huyo ni mwanafunzi. Mwalimu wake anataka kazi kesho, yeye anatafuta wa kumfanyia. Mwache atoke jasho kidogo."

Ghizlane naye aliona hivyo hivyo. Jumatano ndipo njia kati ya nne na sita ilipoondolewa. Alhamisi asubuhi likaja badiliko jingine: "Njia ya kwenda nukta ya tano nayo haipo. Mtanijibu leo?"

Hapo damu ilimchemka. Kubadilisha fumbo lililokwisha kuwekwa ni dhambi ambayo hata watundu wa uwanjani hawathubutu kuitenda. Watu wanapoteza saa zao, halafu mtunzi anahamisha goli. Alijibu kwa vidole vilivyogonga vitufe kama anapiga mlango:

"Fumbo halina kundi, na data yake inabadilika kila siku. Limefungwa. Ukitaka kurudi, jifunze kwanza kuuliza."

Akabonyeza kufuli. Alijisikia vizuri, na hilo hakulificha. Siku tatu za kero zilikuwa zimeisha. Alasiri ile uliingia ujumbe mmoja tu wa Moha kwenye kisanduku chake binafsi.

"Nukta ya pili iondoeni. Haisubiri tena."

"Umeona?" alimwambia Anouar. "Nimefunga mlango, bado anahamisha viti."

Ijumaa mama yake, Lalla Zhor, alipika kuskusi ya mboga saba kama kawaida, akafungua televisheni kama kawaida, sauti juu. Ghizlane alikaa, akachovya kijiko upande wake wa sinia.

"Hebu waone hawa maskini," alisema mama. "Theluji imewafungia huko milimani tangu Jumatatu. Vijiji tisa, mwanangu."

Kwenye skrini alisimama muuguzi mwenye macho mekundu, kando ya gari lililofungwa minyororo kwenye magurudumu. Nyuma yake kulikuwa na mitungi mitatu ya oksijeni. Mtangazaji alisema gari halibebi zaidi ya hiyo, na kwamba mzee mmoja wa kijiji cha pili alikuwa amefariki jana, mtungi wake ulipokwisha. Akamsogezea muuguzi kipaza sauti, akamuuliza kama hapakuwa na namna ya kuanzia kwake.

"Labda ilikuwepo," alisema yule muuguzi. "Mimi si mtu wa hesabu. Niliwauliza mtandaoni wanaojua, wakaniambia swali langu halina kundi."