Nyekundu kwa Nyekundu

"Ingekuwa mi, ungeona nyeusi, ungeona njano, ungeona ya madoa," Nyirasafari alisema, mikono kiunoni. "Nani hapa Nyakiriba anachanganya nyekundu na nyekundu? Hiyo si kuchanganya."

Protais hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa stoo, mbele ya magunia manne ya maharagwe, akichota na kumwaga, akichota na kumwaga. Maharagwe yake yalikuwa mekundu yenye jicho jeupe. Sasa kila kiganja kilikuwa na wageni: mekundu vilevile, ukubwa uleule, ila jicho jeusi.

Ua ulikuwa umejaa watu, maana ugomvi wa Nyirasafari hauna siri. Stoo ilikuwa ya nyumba mbili na funguo mbili, mmoja kwa Protais, mmoja kwa mama huyo jirani yake. Na nani asiyejua habari za Nyirasafari na maharagwe? Kwake, mbegu ya aina moja ni umaskini: mvua ikizidi inakufa yote, jua likizidi inakufa yote. Changanya, utakula hata mwaka mbaya. Msimu mzima alikuwa anamtania Protais, akimwita daktari wa maharagwe mayatima, kwa kuwa hayana ndugu humo guniani.

"Umeniua, mama," Protais alisema. "Mkurugenzi anakuja kesho."

Protais alikuwa mtafiti katika kituo cha serikali. Vita vilipopita, mbegu za kituo zilikuwa zimekwisha zote. Yeye alibaki na kiganja kimoja cha ile nyekundu isiyooza mizizi, akaizalisha msimu kwa msimu, na kwa vile stoo ya kituo haikuwa na paa, akaitunza nyumbani. Mwaka huo, tisini na tisa, mkurugenzi mpya, Rugema, aliwagawia watafiti karatasi. Upande huu lengo la kituo. Upande wa pili unaandika lengo lako mwenyewe, halafu unaonyesha yanakutana wapi. Kituo kilitaka kilo mia mbili za mbegu safi. Protais alitaka kuhamia maabara kuu, kule mbali kusini, kwenye hadubini na masomo ya juu. Rugema akatia saini: timiza letu, nasi tutatimiza lako. Asiyetimiza anabaki alipo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Protais alikuwa na miaka arobaini na minne. Nafasi ya pili haikuwepo.

Larissa, mkewe, mama wa mtoto wao Ishimwe, ndiye aliyeilaza karatasi ile chini ya godoro isikunjike. Aliuliza kama ina mahali pa mke kuandika. Walicheka wote, Nyirasafari alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Larissa naye akacheka kidogo, akajitwika vitambaa vyake, akavuka mpaka kwenda Goma kuuza na kumwogesha mama yake mgonjwa, kama kila siku.

Leo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Nyirasafari alimtupia jicho, akamwangalia tena, mara hii kwa muda. Mikono ikamshuka kutoka kiunoni.

"Bon," alisema taratibu. "Haya, sema ni mi niliyechanganya. Leteni nyungo, tuchambue."

Wakachambua. Fundi cherehani wa jirani, Kadiri, alifunga kazi, akaja na wateja wake waliokuwa wakisubiri suruali. Walihesabika kumi na saba uani, na umbeya wote wa mji ukapita juu ya nyungo zile: nani kaoa upande wa pili, nani kajenga kwa hela za nani. Protais hakucheka hata mara moja. Midomo ilimkauka, akawa anarudia "jicho jeupe, jicho jeupe," kama mtu aliye kwenye sala. Jua lilipozama, magunia yote manne yalikuwa safi. Alikagua kila moja akizamisha mkono mpaka begani, kisha akaanguka kitandani na viatu. Larissa alibaki stoo kushona midomo ya magunia.

Rugema alifika saa nne asubuhi na chuma chenye ncha na mfereji, cha kutoboa gunia na kutoa mbegu za kukagua. Alichoma la kwanza, akamwaga kwenye sinia. Jicho jeupe. Jicho jeupe. Jicho jeusi. Jeusi tena.

Protais alisema ni bahati mbaya, wachome la pili. Likawa vilevile. La tatu, vilevile. Alimshika mkurugenzi mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba wiki moja, kisha siku tatu, kisha mpaka jioni. Rugema hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole, akasema atatafuta namna mbegu ichambuliwe upya, lakini nafasi ya kusini haiwezi kungoja. Akaandika jina la Mbarushimana, mtafiti mwingine wa kituo, akaondoka.

Protais alikaa sakafuni, mgongo kwenye gunia. Nyirasafari alikuja akasimama mlangoni.

"Unanichukia nini, mama?" Protais alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Mi sikuchukii," alisema, akaondoka haraka, akijifuta uso kwa kitenge.

Baadaye Larissa akaja na maji ya kunawa. Alichuchumaa mbele ya mumewe, akashika mikono yake, akaimiminia polepole.

"Jana mulichambua muzuri sana, Papa Ishimwe," alisema. "Ikabidi nichanganye tena. Ingia ndani ule, chakula iko tayari."