Vuli ya Wenyewe

Kampuni iliyotuunguzia msitu ilipokubali kutulipa fidia, halmashauri nayo ikatakiwa kurudisha msaada. Sheria inasema msaada wa janga hurudi kama ulivyokuja, na sisi tulikuwa tumesaidiwa kwa mvua. Watu wa bondeni ndio waliotusukumia mawingu yao, moto ukazimika ulipofika nyuma ya choo changu.

Basi diwani wetu, Mbonea, akatusomea bajeti ya fidia hiyo uwanjani. Shule imepata mabati, zahanati imepata kitanda cha kujifungulia. Kwenye fungu la marejesho akasoma: mvua za vuli, zote.

"Kuna mwenye swali?"

Mmoja aliuliza kama mabati yatafika kabla ya Krismasi. Tukanyoosha mikono, bajeti ikapita.

Jana mchana mawingu yalikuja, meusi, mazito. Kuku wakakimbilia chini ya ghala. Nikatoka mbio, nikaanua nguo, nikatega ndoo chini ya bati, nikamwita mume wangu aingize kuni. Hakuinuka kwenye kigoda.

"Mama Elipokea," alisema, "hiyo ya wenyewe."

Mawingu yakapita taratibu juu ya shamba letu, ambalo nililipanda hivyohivyo, kwa mazoea, yakaelekea bondeni. Ngurumo tulizisikia. Hata harufu ya udongo uliolowa ilitufikia kutoka huko.

Nikazitoa nguo ndani, nikazianika upya moja moja. Zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.