Neno la Kwanza la Ramla

Siku hizi nani anahangaika na waigizaji? Filamu ya kutisha huita "Paukwa!" na anayeitikia ndiye mhusika: sura yake, mayowe yake, maumivu yake. Na kutazama ni lazima kwa kila nyumba.

Ijumaa hiyo, filamu ya hadithi tano za kale ilipoanza, Zuhura alimkazia macho mama mkwe wake.

"Mama, chonde, usiitikie."

"Nimezeeka, sijapumbaa," Bi Mwanakheri alifoka.

Nne zikapita, midomo imefumbwa. Ya tano iliitwa Mtoto Kisimani.

"Paukwa!"

Ramla, bintiye Zuhura wa mwaka na nusu, hakuwa ametamka neno bado, hata "mama". Lakini kila jioni bibi yake alimsimulia hadithi.

"Pakawa!" akasema, waziwazi.

Na bibi, kwa mazoea, akampigia makofi.