Gauni Ndani ya Gunia

Vetaruhe alilileta gauni la mkewe ndani ya gunia, gunia lenyewe akilibeba kwa ncha ya fimbo. Akalitupa miguuni pa mjomba wa mke, kisha akatema mate.

"Mchukueni mtoto wenu," alisema. "Na uchafu wake huo. Mimi siligusi, nikiliangalia nitatapika."

Mzee Tjozongoro hakulifungua. Alimtazama mpwa wake Kavetuna, aliyekaa chini kando ya masanduku yake yote.

Mambo yalianzia vichakani. Miiba ilikuwa imemeza malisho ya Vetaruhe. Ng'ombe walirudi matumbo matupu, masikio yakivuja damu. Tangu kamba ya fahali imkate kabisa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, Vetaruhe hakushika shoka tena. Akamwajiri Matuzee akate vichaka na kuvipulizia visiki dawa visichipue. Dawa ilichanganywa na rangi ya buluu, ili kisiki kilichopuliziwa kijulikane.

Vetaruhe alimwonea kinyaa mtu yule tangu siku ya kwanza. Harufu ile ya dawa, kucha zile za buluu, puh! Alimtengea kikombe chake na kumlisha nje ya ua. Wala hakumwamini. Kila jioni alivipitia visiki, akivibonyeza kwa kiganja aone kama kweli vimelowa, kisha akijifuta mchangani.

"Mzee, hiyo dawa itakuunguza," Matuzee alimwambia.

"Wewe puliza. Ukiniibia nitajua."

Jumamosi mume na mke walialikwa harusini mjini Okakarara. Vetaruhe alichelewa visikini, akakuta mkewe yuko tayari, kilemba chenye umbo la pembe za ng'ombe kichwani, gauni jipya la rangi ya maziwa likifagia vumbi. Gari lilikuwa la juu na marinda hayaishi. Vetaruhe akamsukuma apande, Matuzee akayakusanya marinda na kufunga mlango, wakaondoka mbio.

Harusini wanawake walianza kunong'onezana na kucheka. Vetaruhe aligeuka, akaona: kiganja cha buluu, chini kidogo ya kiuno cha mkewe. Akageuza uso upesi. Mkono ule mchafu, mahali pale, mbele ya watu wote.

Kesho yake Matuzee alifukuzwa kwa fimbo, akiapa kwamba alishika marinda tu, tena upindo. Usiku wa harusi Kavetuna alikuwa ameamriwa kuvua gauni lile kizani na kulitia guniani mwenyewe. Vetaruhe hakutaka kuliona tena.

"Harufu ya yule mtu nitalala nayo vipi?" alimwambia mzee sasa. "Nimemaliza."

"Mjomba," Kavetuna alisema, mara ya kwanza siku ile, "wewe lifungue. Yeye gauni hakuliangalia vizuri."

Tjozongoro alilitoa gauni, akalitandaza juu ya gunia. Aliinama akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Vetaruhe alikuwa amewapa mgongo, ameziba pua.

"Haya, mkwe," mzee alisema. "Kama ni kuachana, tuachane kwa heshima. Nipe mkono."

Vetaruhe akageuka, akanyoosha mkono wa kulia. Mzee aliushika, akauvuta chini taratibu, akaulaza juu ya gauni. Vidole vinne vilikaa juu ya vidole vinne, na pengo la kidole cha shahada likakaa juu ya pengo.